Pipa na Kucha

Jumatatu asubuhi Subilaga Mwaisaka alipofungua mlango wa maabara, alimkuta fundi wake mzee, Ambokile, amesimama kichwa chini miguu juu, visigino vimeegemea ukuta, koti jeupe limemfunika uso.

"Shikamoo, baba," alisema Subilaga, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

"Marahaba... kwi! ... mkuu." Koti lilitikisika. "Tangu jana mchana. Nimekunywa maji bila kupumua, mke wangu amenishtua mara tatu, kwi! Hii ndiyo dawa ya mwisho."

"Shuka, utavunjika shingo."

"Nikishuka inazidi."

Subilaga alimwacha na ukuta wake. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano, na mji mzima wa Itebula ulikuwa unasubiri dole gumba lake.

Maziwa ya Itebula yalishuka kwa bomba. Wafugaji wa vilima tisa vilivyouzunguka mji walikuwa wameacha zamani kubeba madumu. Kila mmoja alimimina maziwa yake kwenye kituo cha kilima chake, yakateremka kwa bomba la chuma lenye baridi, yakapita kwenye vyumba vya mwanga mkali uliounguza vijidudu bila kuyapika, yakafika mjini na ladha ile ile yaliyotoka nayo zizini. Watu wa Itebula walijisifia ladha hiyo kwa kila mgeni, atake asitake. Kijidudu kimoja tu kiliushinda mwanga ule: cha homa ya kwikwi, ambacho kina ganda gumu. Kwa ajili ya hicho kimoja maabara ilijengwa, na kwa ajili yake koki kuu haikufunguka mpaka mkuu wa maabara abonyeze dole gumba kwenye kioo, kuthibitisha kwamba maziwa ya siku ile ni salama.

"Haya Kucha, tuambie," alisema Subilaga.

Mezani palikuwa na kisanduku kisichozidi kiberiti. Ndani yake mlikuwa na vipande tisa vya kioo, kila kimoja sawa na ukucha wa kidole cha mwisho, vilivyochongwa vijia vyembamba kuliko unywele. Kila kipande kilinyonya sehemu moja ya elfu ya tone la maziwa kutoka kilima kimoja, kikayapitisha kwenye vijia vyake, na baada ya sekunde arobaini kisanduku kikatoa sauti ya mhudumu wa hoteli ya kitalii.

"Safi," kilisema. "Safi. Safi. Safi." Mara tisa, bila kuchoka.

Subilaga akabonyeza dole. Chini ya sakafu maziwa yakanguruma kuelekea shule arobaini, hospitali moja, na vibanda vya chai visivyo na idadi.

Ambokile alikuwa ameshuka ukutani. Alisimama kwenye mlango wa ukumbi wa pili, akiangalia ndani kwa huzuni kama mtu anayemwangalia jamaa yake mgonjwa. Mle ukumbini lilisimama Pipa: mabomba tisa ya kioo yenye kimo cha mtu, pampu, birika la maji ya moto, na sauti ambayo zamani ilifanya majirani waandike barua. Pipa lilikuwa likichukua lita ishirini kwa kila kilima, likizichanganya na uji maalumu na kuzitunza kwenye joto kwa siku mbili. Kama mlikuwa na kijidudu hata kimoja, kilizaana mpaka uji ukageuka zambarau. Miezi kumi na moja iliyopita Subilaga mwenyewe aliandika ripoti ya kurasa arobaini akilinganisha mashine hizo mbili. Aliandika kwamba hakuna tofauti. Pipa likazimwa, na sasa, Jumamosi iliyokuwa inakuja, mafundi chuma walitarajiwa kuja kulikatakata ili ukumbi ugeuzwe mgahawa wa mtindi.

"Baba Ambokile," Subilaga alisema polepole. "Jana ulikuja kazini?"

"Kila Jumapili nakuja. Nawasha pampu za Pipa kidogo, mipira yake isikauke. Ikikauka inapasuka."

"Unaziwasha na nini ndani?"

"Na maziwa. Lita ishirini. Maji yanaiharibu mipira, kwi!"

"Halafu hayo maziwa yanakwenda wapi?"

Ambokile alitazama dari. "Yanakwenda kwangu," alisema. "Tunayagandisha. Mke wangu anapenda mtindi."

Kwa miaka mingi wafugaji walikuwa wakilalamika kwamba watu wa maabara wanakunywa maziwa yao, na kwa miaka mingi Subilaga alikuwa akiwajibu, kwa hasira ya haki kabisa, kwamba jambo hilo haliwezekani. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha Ambokile akapiga kwikwi nyingine, na Subilaga akaacha kucheka.

"Na mama nyumbani?" aliuliza. "Naye ana kwikwi?"

"Naye," alisema Ambokile. "Ila yeye anapiga... kwi! ... kwa adabu zaidi."

* * *

Jumanne Subilaga alijiambia kwamba mtindi wa Ambokile ulichafukia nyumbani, akabonyeza dole kama kawaida, na saa nne asubuhi mdogo wake, Bupe, akapiga simu kutoka hospitali. Alikuwa analia.

"Dada, njoo. Gwakisa hanyonyi."

Gwakisa alikuwa mtoto wa Bupe, miezi saba, mnene, na alikuwa ameanza uji wa maziwa wiki tatu tu zilizopita. Subilaga alipofika wodini aliwasikia wagonjwa kabla hajawaona. Walikuwa kumi na mmoja. Kwikwi zao zilianza kila moja kivyake, zikafuatana, zikapishana, na mara nyingine kwa bahati zikaangukia pamoja, na hapo wodi nzima iliruka kitandani kwa mpigo mmoja. Mmoja wa wagonjwa alikuwa mwalimu wa kwaya. Alijaribu kulala ametulia, lakini mkono wake ulikuwa ukipanda na kushuka juu ya shuka, ukiwaongoza wenzake bila yeye kutaka. Muuguzi alikuwa amegeukia dirisha, mabega yakimtikisika, na haikuwa wazi kama anacheka au amekata tamaa.

Subilaga naye angecheka. Lakini kitanda cha mwisho kilikuwa cha Gwakisa. Kila alipokamata ziwa la mama yake, kwikwi ilimrusha, ziwa likamtoka, akalia, akajaribu tena. Kufikia saa hiyo alikuwa hajaribu tena. Walikuwa wamempitishia mpira mwembamba puani, na alikuwa akiwatazama muuguzi, mama yake na mama yake mkubwa kwa zamu, macho yamechoka kama ya mtu mzima.

"Daktari anasema huchukua siku tisa," alisema Bupe. "Mtu mzima anazimaliza. Mtoto wa hivi, anasema tutaangalia. Tutaangalia nini, dada?"

"Ulimpa maziwa gani?"

Bupe alimtazama kana kwamba ameulizwa jina lake. "Ya bomba. Si ndiyo ninyi mnayapima?"

Subilaga alimshika Gwakisa mguu, akausikia wa moto, akauachia, akarudi maabara kwa haraka kiasi kwamba hakukumbuka kuaga.

Alipima maziwa yaliyobaki ya vilima vyote tisa. Safi. Akapima tena. Safi. Akaosha vipande vya Kucha, akapima mara ya tatu, na ile sauti ya mhudumu wa hoteli ikamwambia safi mara tisa, kwa uchangamfu ule ule.

Kisha alikaa chini akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya miezi kumi na moja iliyopita: alichukua kalamu na mgongo wa bahasha. Mtoto mmoja alikuwa ameugua, mwenzake wa nyumba ya jirani hakuugua, na wote walikunywa maziwa hayo hayo. Kwa hiyo vijidudu vilikuwa vichache. Tuseme kimoja katika kila lita mbili. Glasi moja katika kila nane ingekuwa nacho. Na Kucha ilikuwa inaonja sehemu moja ya elfu ya tone. Ili Kucha ikutane na kijidudu kimoja katika lita mbili, ingepaswa kupima mara milioni arobaini. Kwa sekunde arobaini kila mara, alizidisha, akagawanya, akafuta, akazidisha upya.

"Miaka hamsini," alisema.

"Miaka hamsini ya nini?" aliuliza Ambokile, ambaye alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akila sukari kavu, dawa mpya.

"Kucha ikifanya kazi usiku na mchana bila likizo, itamaliza kukagua lita mbili za maziwa baada ya miaka hamsini."

Ambokile alisimama. Furaha ilimjaa usoni hata kwikwi ikakosea njia. "Nilisema! Nilisema mimi! Kitu kikubwa ni kikubwa!"

"Kaa chini, baba. Wakati wa Pipa ilikuwa nafuu gani? Uji uligeuka zambarau siku ya pili, maziwa yameshanyweka siku ya kwanza. Umesahau mwaka ule mkuu wa wilaya alipohutubia kwa kwikwi mpaka mwisho? Tulijua sababu keshokutwa yake."

Ambokile alikuwa hajasahau. Alikaa.

"Lakini ripoti yako ilisema hakuna tofauti," alisema kwa sauti ndogo.

"Niliyapima maziwa niliyoyatia vijidudu mwenyewe. Niliyatia kwa mamilioni, ili nione vizuri." Subilaga aliikunja ile bahasha mara nne. "Nilikuwa nimeipenda, baba. Ndogo, haina kelele, haisumbui mtu. Nilitaka iwe kweli. Washa Pipa."

Pipa liliwaka kwa kishindo kilichoangusha saa ya ukutani. Lita ishirini kutoka kila kilima zikapanda kwenye mabomba ya kioo, nyeupe na nzito, na Ambokile akazunguka akipapasa mipira yake mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja uliovuja. Jibu lingetoka Alhamisi mchana.

Jumatano asubuhi, saa kumi na mbili kamili, Kucha ikasema safi mara tisa. Subilaga akautia mkono wake wa kulia mfukoni, na koki haikufunguka.

* * *

Kufikia saa tatu mji mzima ulikuwa unakunywa chai kavu, na mwenyekiti wa Ushirika wa wafugaji, Lwitiko Mwasandube, alikuwa ndani ya maabara na wajumbe sita nyuma yake.

Mwasandube alikuwa mtu mkubwa wa mwili, wa miaka sitini na saba, mchangamfu, aliyewekewa moyo wa kutengenezwa miaka miwili nyuma na aliyeupigia debe kila alikokwenda. Ofisini kwake palitundikwa picha yake siku ya kuizindua Kucha, ameishika kati ya vidole viwili. Kwa kuwa Kucha haikuonekana, mpiga picha aliongeza mshale mwekundu.

"Dole lako liko wapi?" aliuliza, hata kabla ya salamu.

"Lipo, mwenyekiti. Mfukoni."

"Litoe. Mashine inasema safi."

"Mashine haijui, mwenyekiti. Inasema safi kwa sababu haijakutana na uchafu, si kwa sababu uchafu haupo. Naomba dakika tano niwaonyeshe."

Alikuwa amejiandaa. Alifungua gunia la maharage meupe lililofika mpaka kiunoni mwake, akainua harage moja jekundu wote walione, akalitumbukiza, na Ambokile akaingiza mikono yote miwili akachanganya mpaka jasho likamtoka.

"Hili gunia ni maziwa ya kilima kimoja," alisema Subilaga. "Harage jekundu ni kijidudu. Pipa ni ndoo hii. Kucha ni hiki kijiko cha chai. Kwa kweli Kucha ni ndogo zaidi ya kijiko mara nyingi sana, lakini sikupata kijiko kidogo kuliko hiki. Mwenyekiti, chota mara moja, uwaonyeshe wajumbe ulichopata."

Mwasandube alikunja mkono wa koti. Alichota kijiko kimoja, akakiinua.

Juu ya kijiko palikuwa na maharage manne meupe na jekundu moja.

Wajumbe wakalipuka. Mmoja alipiga makofi, mwingine alimkumbatia mwenyekiti, wa tatu akaomba kijiko akiguse. Ambokile alisema neno la Kinyakyusa ambalo halifai kuandikwa. Subilaga alisimama akilitazama lile harage, akiwaza kwamba angeweza kurudia jaribio hilo mpaka mwisho wa mwezi na lisingetoka tena, na kwamba hakuna mtu hata mmoja mle ndani ambaye angesubiri mpaka mwisho wa mwezi.

"Ni bahati," alisema. "Ni bahati tupu, rudieni..."

"Bahati yangu ndiyo iliyonifikisha hapa!" alicheka Mwasandube. "Leteni glasi. Nitayanywa hayo maziwa mimi, mbele yenu, halafu dada yetu atoe dole tukafanye kazi."

Mjumbe mmoja alifungua bomba la tangi la mchanganyiko wa vilima vyote tisa, akajaza glasi. Mwasandube akaipokea, akaiinua kama bwana harusi.

Kilichopita kichwani mwa Subilaga kilipita kwa kasi, na baadaye aliona aibu kukikumbuka. Aliwaza: anywe. Kama kwikwi itamshika, nimeshinda, na hakuna atakayebishana nami tena. Kama haitamshika, basi nimeshindwa leo lakini yeye ni mzima. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. Sikumlazimisha. Halafu akaona kifua chini ya koti lile la bluu, na moyo wa kutengenezwa ndani yake, na siku tisa za kwikwi zikiutikisa usiku na mchana. Akaona pia kwamba kama anasubiri mtu mwingine augue ili yeye aaminiwe, hana tofauti na kisanduku kile mezani.

Mkono ulitoka mfukoni wenyewe. Aliipiga ile glasi.

Ilipaa. Maziwa yalimwagika kwenye koti la mwenyekiti, kwenye nywele za katibu, na kwa sehemu kubwa kwenye gunia la maharage. Glasi ikavunjikia chini ya meza. Subilaga aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Mama Ikupa, mjumbe kutoka kilima cha tisa, mwanamke mfupi mwenye ng'ombe wanne na sauti ya wanane.

"Mimi nilikuwa upande wa mwenyekiti mpaka dakika hii," alisema. "Hesabu za maharage sikuzielewa, na ziligoma. Lakini huyu binti nimemjua miaka kumi na miwili. Hata mlango hafungi kwa nguvu. Leo amempiga mkono bosi wake mbele za watu. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya mchezo." Alifuta tone la maziwa shavuni kwa kona ya kitenge, akalitazama kidoleni kwa wasiwasi, akajipangusa kwenye koti la katibu. "Mpeni mpaka kesho."

Mwasandube alikuwa bado ameshika hewa kwa umbo la glasi. "Kesho," alisema hatimaye. "Na gharama ya kufua ni ya maabara."

* * *

Alhamisi saa nane mchana bomba la saba liligeuka zambarau.

Halikugeuka taratibu. Ambokile alikuwa amelipa mgongo akisafisha sakafu, akageuka, na lilikuwa na rangi ya vazi la askofu kuanzia chini mpaka juu. Mengine manane yalibaki meupe. Alimwita Subilaga kwa jina lake tu, bila mkuu wala mama, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

Walipanda kilima cha saba na mafundi wawili. Walifuata bomba mpaka mahali ambapo lilipita chini ya hori la kunyweshea ng'ombe, na pale kwenye kiungo walikuta ufa ambao mtu angeweza kuufunika kwa unyoya. Matope ya hori yalikuwa yakijipenyeza humo, kidogo kidogo, nani ajuaye tangu lini. Kiungo kilibadilishwa jioni ile ile. Bomba lote la kilima cha saba likaoshwa kwa mvuke, na Ijumaa maziwa ya vilima vinane yalirudi mjini.

Mwasandube alikuja peke yake safari hii, na koti lingine. Alisimama mbele ya lile bomba la zambarau kwa muda mrefu, mkono kifuani.

"Ile glasi," alisema. "Ilitoka tangi la mchanganyiko. Ilikuwa na ya saba ndani."

"Ilikuwa nayo, mwenyekiti."

"Ndaga," alisema, yaani asante, akageuka. Kabla hajafika getini alikuwa ameshawapigia simu mafundi chuma wasije.

Gwakisa aliacha kupiga kwikwi Jumamosi, saa tano asubuhi, akiwa amelala. Bupe alisubiri nyingine dakika kumi nzima. Ilipokosekana alimwamsha, na mtoto, kwa hasira ya kuamshwa, alinyonya kwa pande zote mbili, akalala tena. Ambokile, aliyekuwa bado na kwikwi katika siku yake ya saba, alisema watoto wa siku hizi wanapendelewa.

* * *

Jumapili mchana wafugaji walijaa uwanja wa Ushirika. Subilaga aliomba aseme yeye mwenyewe. Alipanda kwenye ngazi ya ghala bila karatasi.

"Niliandika kwamba Kucha inatosha," alisema. "Nilikosea. Niliijaribu kwa namna ambayo isingeweza kushindwa. Kosa ni langu, si la mashine."

Mwanamume mmoja alinyoosha mkono katikati ya umati. Alikuwa Anyosisye, mfugaji wa kilima cha saba, mwembamba, amevaa kofia ya sufi juani. Tangu Alhamisi watu walikuwa wakimkwepa dukani, ingawa hori lile halikuwa lake hata kidogo.

"Dada mkuu, nina swali. Miezi kumi na moja yote, kila siku uliweka dole. Tulikuwa tunakunywa nini?"

"Sijui, kaka," alisema Subilaga. "Huenda maziwa safi. Lakini sikuwa ninapima. Nilikuwa ninabahatisha kwa sauti nzuri."

Uwanja ulinung'unika. Anyosisye alitikisa kichwa, akakaa. Hakuonekana kuridhika, ila alionekana amejibiwa.

Kisha Subilaga akaeleza kitakachofuata. Mashine zote mbili zitafanya kazi. Pipa litachukua maziwa mengi na kuyatunza kwenye joto kutwa nzima, vijidudu vizaane. Baada ya hapo Kucha itaonja, na itakuwa na cha kukuta, maana kila sehemu ya tone itakuwa imejaa. Badala ya kusubiri zambarau siku mbili, jibu litatoka kwa siku moja, na maziwa yatasubiri kwenye tangi la baridi. "Nahitaji lita ishirini kwa kila kilima, kila siku," alimaliza.

Hapo uwanja ulichafuka.

"Ishirini!" alisema Mama Ikupa, akijitokeza mbele. "Kila siku! Mnyweshe nani? Habari za mtindi wa Ambokile tumeshazisikia!"

Ambokile alijificha nyuma ya nguzo nyembamba kuliko yeye.

"Chukua sita," alisema Mama Ikupa.

"Mama, kwa lita sita, katika kila siku ishirini zenye kijidudu, siku moja kitanipita."

"Basi kumi."

"Kwa kumi, siku moja katika mia na hamsini."

"Hiyo ni mbali."

"Ni mbali mpaka ifike, mama. Ikifika ni mtoto wa mtu."

Mama Ikupa alikuna shingo. Watu waliwasogelea, wakasikiliza kama wanaosikiliza bei ya ng'ombe. "Kumi na mbili. Na unipunguzie ukali wa uso."

"Kumi na nane."

"Na ukichukua hizo kumi na nane, unadhani watu watatoa? Watachanganya maji kwenye ndoo yako, binti yangu, na utakuwa unapima mto."

Subilaga alijua kwamba ni kweli. Alikokotoa kimoyomoyo. Lita ishirini, siku moja katika miaka sitini. Lita kumi na nne, siku moja katika miaka mitatu. Kati ya namba hizo mbili alikuwepo mtoto fulani, bado hajazaliwa, siku fulani ya mwaka wa tatu; na kati ya namba hizo hizo walikuwepo watu hawa, ambao wakiona wameonewa wataleta maji. Hakuna ripoti ya kurasa arobaini ambayo ingemwambia pa kusimama. Alitamani kuwe na sauti ya mhudumu wa hoteli ya kumwambia safi.

"Kumi na nne," alisema. "Chini ya hapo nakata dole hili nawaachia."

Mama Ikupa alimtazama machoni, kwa muda, akitafuta kama pamebaki nafasi. Hakuiona.

"Kumi na nne," alikubali. "Lakini ndoo tutaibeba wenyewe, na kila siku mmoja wetu ataweka dole lake pamoja na lako. Dole moja hatulitaki tena."

"Hata mimi silitaki," alisema Subilaga.

Jumatatu alfajiri walikuja tisa, mmoja kwa kila kilima, wakiwa na ndoo zilizofunikwa kwa vitambaa safi, wamevaa kama watu wanaokwenda kanisani. Walimimina maziwa wenyewe. Ambokile akawasha Pipa, wote wakaruka, kisha wakajifanya hawakuruka. Subilaga aliwaambia kwamba wanaweza kwenda nyumbani, jibu litatoka kesho yake. Hakuna aliyeondoka. Mama Ikupa alijivutia kiti, akatoa viazi vya kuchemsha mkobani.

Anyosisye alikuwa wa mwisho kusogea. Alivua kofia ya sufi, akauliza lake ni lipi. Subilaga akamwonyesha bomba la saba. Mfugaji yule mwembamba aliinama mpaka paji la uso likakaribia kugusa kioo, akatazama kushoto na kulia kama kuna anayemsikia, kisha akayaambia maziwa yake kwa sauti ya chini:

"Msiniaibishe."